Fundi kavaa mkanda wa usalama, mbona hafungi ndoano? Tulioko saiti tuambizane ukweli

#1 SaitiUpanga
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtu wa sefti (usalama kazini) kwenye jengo moja hapa Upanga, huu mwezi wa tatu. Leo saa 3 asubuhi nimepanda ghorofa ya 7, mafundi wa nondo na wa shata (mbao za kushikilia zege bichi) walikuwa wanamalizia ukingo wa upande wa barabarani. Nikahesabu watu 14. Mikanda 14 mwilini, mipya, imekazwa vizuri mapajani na kifuani. Waliofunga ndoano ya kamba ya mkanda kwenye kitu walikuwa 3. Waliobaki ndoano zinaning'inia nyuma, wengine wamezichomeka mfukoni zisiwasumbue.

Kulikuwa na kijana wa miaka kama 22. Amechuchumaa, mgongo umeelekea mtaani, visigino viko nje ya ubao, anakaza waya kwenye ringi, zile nondo nyembamba zinazozunguka nondo kuu. Chini yake bajaji zinapita. Sikumwita kwa sauti, niliogopa asije akashtuka. Nilimzunguka mpaka akaniona, nikamwonyesha kwa mkono asogee ndani.

Wote 14 walikuwa wamesaini kibali cha kazi ya juu saa 1 na nusu. Mafunzo niliwapa mwenyewe.

Hoja yangu ni kwamba shida ni mazoea ya fundi. Vifaa vipo, mafunzo yapo, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, lakini mtu anaamua mwenyewe. Kama nakosea, nipingeni kwa mifano.

#2 Nondo16
Hujakosea. Nina miaka 20 kwenye nondo. Fundi wa Dar ukimpa helmeti anakalia, ukimpa glavu anauza, ukimpa buti anazipeleka nyumbani za kuendea shamba. Mwenye mkono mwepesi anajiona hawezi kuanguka. Dawa ni moja, asiyefunga anashuka na siku hiyo halipwi.

#3 FundiTemeke
Mleta mada, swali moja tu. Yule kijana angefunga wapi?

#4 SaitiUpanga
FundiTemeke, kwenye nondo za nguzo zilizosimama, au kwenye jukwaa. Sehemu zipo.

#5 FundiTemeke
Sawa, ngoja nikueleze, maana nimekaa kwenye huo ukingo.

Nondo za nguzo zinazochomoza sakafuni zinafika kama kiunoni. Juu ziko wazi. Ukipitisha kamba pale na ukaanguka, kamba inapanda na kuchomoka juu kama pete kwenye kidole. Jukwaa nalo, kwenye saiti nyingi ni mirunda (miti ya kuegemezea) iliyopigiwa misumari, kwingine imefungwa kwa kamba ya katani. Mrunda umeshikiliwa na msumari mmoja wa inchi 4, nauaminije na kilo zangu 80 zinazoshuka kwa kasi?

Halafu kazi ya ringi haikai sehemu moja. Kila dakika chache unasogea. Mkanda una ndoano moja, kwa hiyo ukisogea unafungua, na ule muda umefungua ndio muda unaoinuka na kugeuka, yaani muda wenye hatari zaidi. Mkanda wenye kamba mbili, unafunga moja kabla ya kufungua nyingine, nimeuona saiti moja tu maisha yangu yote.

Wale 3 waliofunga, uliangalia wamefunga kwenye nini?

#6 Kizimkazi_wa_Buza
Hapo kwenye "wamefunga kwenye nini" ngoja nikae vizuri.

#7 MhandisiMtulivu
FundiTemeke ameeleza vizuri kuliko vitabu vingi. Naongeza hesabu.

Mtu akianguka mita 3 tu, yaani ghorofa moja, anafika chini akiwa na kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa, na inachukua chini ya sekunde moja. Hapati nafasi ya kudaka chochote.

Mkanda nao unahitaji nafasi ya kufanyia kazi. Kamba ina karibu mita 2. Kile kifuko cha kupunguza mshtuko kilicho kwenye kamba kinafumuka, kinaongeza mita 1 na zaidi. Weka urefu wa mwili kutoka mgongoni hadi miguuni, weka na akiba kidogo, unafika karibu mita 6. Sasa kama umefunga kamba usawa wa miguu yako na chini yako mita 3 kuna jukwaa au sakafu, utagonga kabla mkanda haujakushika. Umevaa, umefunga, na bado umeumia.

Ndiyo maana mkanda haupaswi kuwa jambo la kwanza. Kwanza jiulize kama kazi hiyo inaweza kufanyika chini. Vikapu vya nondo za boriti vinafungwa chini na kupandishwa kwa kreni. Isipowezekana, weka reli ukingoni, na ubao wa chini wa kuzuia vitu visiteleze. Isipowezekana, wavu. Mkanda ni wa mwisho, na lazima uwe umefungwa juu ya kichwa, kwenye kitu kilichopimwa.

Na tafadhali, mikanda ya kiunoni tu ile ya zamani msiitumie kuzuia kuanguka. Marekani waliipiga marufuku kwa kazi hiyo tangu Januari 1998, kwa sababu inamkunja mtu katikati na kumuumiza vibaya.

#8 Kizimkazi_wa_Buza
Injinia umekuja na kikokotoo usiku huu, heshima yako. Kumbe ndoano ina hesabu zake.

#9 DarajaLaTano
Mimi ni mkandarasi mdogo. Mnamsema fundi, mnamsema mtu wa sefti, hamjagusa hela.

Nikiomba kazi, ndani ya BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake, kuna mstari wa usalama. Reli, wavu, jukwaa la chuma la kukodi, mtu wa sefti, vifaa vya kujikinga. Nikiuandika kwa bei ya kweli, nakuwa juu ya wenzangu na kazi naikosa. Kwa hiyo wote tunauandika kiduchu. Na mwenye jengo akianza kujadiliana bei, mstari wa kwanza anaoufyeka ni huo, kwa sababu hauonekani kwenye jengo likiisha. Marumaru haifyeki.

Helmeti na mikanda inabaki kwa sababu ni rahisi na inaonekana kwenye picha. Reli ukingo mzima wa kila ghorofa haionekani kwenye picha ya ufunguzi.

#10 Nondo16
DarajaLaTano, kwa hiyo ukikosa hela ya reli unaendelea na kazi? Hapo umejisema mwenyewe.

#11 DarajaLaTano
Ndiyo, nimeendelea. Mara mbili. Moja sikulala mpaka sakafu ya mwisho ilipomwagwa. Nimekuja kusema ukweli, si kujisafisha.

#12 MamaLishe_Mbezi
Shikamooni wakubwa, wengine marahaba. Mimi napika pembeni ya saiti, mwaka wa tisa.

Siku ya kumwaga zege vijana wanaanza saa 12 asubuhi hawajala. Gari la zege likifika hakuna anayeshuka, zege haisubiri. Chakula changu kinachukuliwa saa 9 alasiri. Mwezi wa pili, lile jua, mtu yuko juu tangu alfajiri kwa chai kavu. Nimeona kijana anashuka ngazi miguu inamtetemeka. Mnasema mazoea, mnasema hela, lakini mimi naona njaa na usingizi. Wengi wanatoka Chanika na Mbagala, wameamka saa 9 usiku wawahi gari.

#13 FundiTemeke
Mama umegusa mfupa.

#14 Mlima_Kitonga
Tusizunguke. Shida ni ukaguzi. Lile ghorofa la mjini lililoanguka 2012, ghorofa 20, mnakumbuka. Kila mtu alikuwa analiona linapanda.

#15 MhandisiMtulivu
Mlima_Kitonga, sahihisho. Ilikuwa Ijumaa Kuu, 29 Machi 2013, mtaa wa Indira Gandhi. Jengo la ghorofa 16 lilikuwa bado linajengwa. Walikufa watu 36, na kibali kilichotajwa wakati ule kilikuwa cha ghorofa 10. Wapo waliokufa ambao hawakuwa mafundi, wakiwemo watoto waliokuwa wanacheza jirani. Hatari ya saiti haiishii kwenye mabati ya uzio.

#16 Mlima_Kitonga
Asante kwa sahihisho. Hoja yangu inabaki.

#17 Mtoto_wa_Gerezani
Na Kariakoo Novemba 2024 je? Ile nayo saiti?

#18 MhandisiMtulivu
Ile ya 16 Novemba 2024 lilikuwa jengo linalotumika, lenye maduka na watu ndani. Zaidi ya watu 20 walikufa. Si sawa kulichanganya na saiti mpya. Lakini baada ya pale watu wengi mjini walianza kuuliza habari za kuchimba chini ya majengo yaliyokwisha simama, na hilo ni swali la haki.

#19 Mtoto_wa_Gerezani
Nauliza kwa sababu jirani yangu anachimba beisimenti sasa hivi. Ukuta wangu uko mita 1 na nusu kutoka kwenye shimo. Pampu inavuta maji usiku kucha, na maji yanayotoka yana rangi ya mchanga. Nianze kuogopa?

#20 FundiTemeke
Hayo maji yenye mchanga ndiyo mabaya. Maji safi yakitoka, afadhali. Yakitoka na mchanga, ule mchanga unatoka chini ya mtu fulani, na anaweza kuwa wewe.

#21 MhandisiMtulivu
Nakubaliana. Sehemu kubwa ya Dar tumekaa juu ya mchanga, na maji hayako mbali. Mita moja ya ujazo ya udongo ni zaidi ya tani 1 na nusu, mtu akifukiwa mpaka kifuani hawezi kuvuta pumzi hata kama kichwa kiko nje.

Fanya hivi leo. Kama ukuta una ufa, piga mstari wa penseli kwenye ncha mbili za ufa, andika tarehe ukutani, piga picha na rula pembeni. Rudia kila asubuhi. Ufa ukipita mstari, toa watu ndani kwanza, halafu ndiyo uende manispaa na kwa injinia wa saiti. Usianze kwa barua huku watoto wamelala chumba hicho.

#22 Nondo16
Mimi nadhani anatishwa bure. Beisimenti ngapi zimechimbwa mjini na hakuna kilichotokea? Wakipiga nguzo za kuzuia udongo pembeni, hakuna shida.

#23 FundiTemeke
Nondo16, "wakipiga". Muulize kama wamepiga.

#24 Mtoto_wa_Gerezani
Nimechungulia. Kuna mabati na mirunda tu.

#25 Nondo16
Basi hapo narudisha maneno yangu. Toa watoto chumba cha upande huo usiku huuhuu.

#26 Neema_K
Samahani natoka nje kidogo. Mume wangu alianguka saiti miezi minane iliyopita, ghorofa ya 3, ubao ulipinduka. Uti wa mgongo. Amelazwa miezi mitatu na nusu, sasa anatembea kwa magongo. Kampuni ilisema hayumo kwenye orodha yao, ni mtu wa foremani. Foremani alikuwa anaandika majina kwenye kaunta buku, nilipokwenda ukurasa wa wiki ile haupo. Nilipewa laki tatu kwenye bahasha nikaambiwa nishukuru.

Nikisoma mnavyobishana kuhusu ndoano najiuliza kama jina lake lingeandikwa wangeweka ule ubao vizuri. Mtu asiye na jina anawekewa ubao wowote.

#27 MamaLishe_Mbezi
Pole mwanangu. Pole sana.

#28 Wakili_wa_Mtaani
Dada Neema, pole. Bado hujachelewa, lakini usikae.

Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa Tanzania Bara. Mwajiri ndiye anayechangia peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Sheria ni ya 2008, michango ilianza Julai 2015. Deiwaka, kibarua wa kulipwa kwa siku, naye ni mfanyakazi. Muhimu ni muda, ajali iwe imefikishwa kwa Mfuko ndani ya miezi 12. Una minne.

Ushahidi si lazima uwe ile kaunta buku. Alikuwa analipwaje?

#29 Neema_K
Kwa simu. Kila Jumamosi foremani anatuma.

#30 Wakili_wa_Mtaani
Usifute hata ujumbe mmoja. Piga picha za zote, kisha omba taarifa ya miamala kwenye kampuni ya simu. Malipo ya kila Jumamosi kutoka namba moja yanazungumza. Chukua na karatasi za hospitali za siku ya kwanza, mara nyingi pale wanaandika "ameanguka kazini". Tafuta wenzake wawili waliokuwepo. Nenda ofisi za Mfuko mwenyewe, usisubiri kampuni ikupelekee.

#31 Neema_K
Asante. Nitakwenda Jumatatu.

#32 Kizimkazi_wa_Buza
Dada Neema, uzi huu usiuache, turudishie majibu.

#33 Umeme_Tabata
Mmesahau umeme. Nondo inakuja na urefu wa mita 12. Tabata niliona vijana wawili wanaipandisha kwa mkono kutoka chini, mmoja balkoni ya pili, mwingine barabarani. Nondo ikapinda kama fimbo ya kuvulia, ncha ikayumba kuelekea nyaya za juu. Nyaya zile ni kilovolti 11, hazina ganda. Mzee mmoja fundi baiskeli alipiga yowe "achia!" na yule wa juu akaachia. Nondo ilianguka juu ya gari la mtu. Gari liliharibika, watu walibaki salama.

Na umeme wa msongo ule hausubiri mpaka uguse, ukisogea karibu unaruka. Mkanda hauna msaada hapo. Ni kupiga simu TANESCO wazime laini au wahamishe kabla ya kuanza.

#34 Nondo16
Tunarudi palepale, fundi kukosa akili. Nani anapandisha nondo ya mita 12 kwa mkono chini ya nyaya?

#35 DarajaLaTano
Mtu ambaye saiti yake haina winchi, na kreni ya kukodi inahesabiwa kwa saa.

#36 Jicho_la_Pwani
Wa nje walilishughulikia hili zamani. Daraja la Golden Gate kule San Francisco waliweka wavu chini ya daraja zima, hakufa mtu.

#37 MhandisiMtulivu
Jicho_la_Pwani, nusu ni kweli. Wavu uliokoa watu 19. Lakini tarehe 17 Februari 1937 jukwaa la kazi lilikatika likauchana, wakafa 10 siku hiyohiyo. Jumla ya waliokufa kwenye ujenzi ule ni 11. Wavu uliwekwa kwa mtu anayeanguka, haukuwekwa kwa jukwaa la tani kadhaa. Kila kinga ina kitu ilichopimiwa.

#38 Jicho_la_Pwani
Nimeelewa, asante.

#39 Bi_Mkalimani
Naomba niulize SaitiUpanga. Kile kibali walichosaini kimeandikwa kwa lugha gani?

#40 SaitiUpanga
Kiingereza. Ni fomu ya kampuni, kurasa tatu.

#41 Bi_Mkalimani
Basi wamesaini nini?

Nilifanya kazi ya kutafsiri kwenye mradi mmoja. Fundi mwenye akili ya kusoma mchoro kuliko mimi alikuwa anasaini haraka ili asionekane hajui. Tulipogeuza fomu kuwa ukurasa mmoja wa Kiswahili chenye maneno yao, mrunda, shata, zege, ringi, walianza kukataa kusaini. Mmoja alisoma "nimeonyeshwa mahali pa kufunga ndoano" akasema, "Sijaonyeshwa." Kazi ilisimama saa mbili, meneja alikasirika. Lakini ile ndiyo siku kibali kilifanya kazi.

#42 SaitiUpanga
Wakuu, narudi. Leo nimepanda tena, nikafuata swali la FundiTemeke kwa wale watatu.

Wa kwanza alikuwa amefunga kwenye nondo ya nguzo iliyo wazi juu. Niliishika ndoano nikaivuta kuelekea juu, ikatoka bila shida. Wa pili, kwenye mrunda. Nilipoutikisa ulicheza. Wa tatu alikuwa amefunga ndoano kwenye mkanda wake mwenyewe, ubavuni. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu kwa adabu kabisa, "Kaka, wewe ulisema ndoano isining'inie."

Nilikaa kwenye mifuko ya saruji kama dakika kumi. Nilikuwa nimewahesabia wale watatu kuwa salama. Kwenye ripoti niliandika asilimia 21.

Nimemtafuta na yule kijana wa visigino, nikamuomba radhi. Nimezungusha ukingo mzima kwa futi ya kupimia, ni mita 64. Nimeomba reli za bomba na ubao wa chini kabla ya mtu kurudi upande ule, na waya wa chuma uliofungwa kwenye nguzo zilizokomaa kwa ajili ya ndoano. Fomu nimeanza kuigeuza Kiswahili, Bi_Mkalimani nitakutumia unikosoe.

Meneja amekubali reli upande wa barabarani tu. Upande wa uani amesema "baadaye". Zege ni keshokutwa.

#43 Nondo16
Umefanya kiume. Bado nasema hata ukiweka reli wapo watakaoing'oa wapitishe mbao. Nimeona kwa macho yangu.

#44 FundiTemeke
Na mimi nimeing'oa. Ilikuwa imewekwa mahali pa kupokelea mzigo wa winchi, bila mlango. Ungetupitisha wapi?

#45 Mlima_Kitonga
Upande wa uani asikubali. Mtu akianguka uani haanguki kwa upole.

#46 SaitiUpanga
Ndivyo nilivyomwandikia, kwa maandishi, na nakala kwa injinia mshauri. Nimesema kibali cha upande wa uani sitasaini. Naweza kukosa kazi Jumatatu. Nasubiri jibu.

#47 Mtoto_wa_Gerezani
Ufa umepita mstari wa penseli kwa upana wa kucha. Tumehamia kwa shangazi Ilala. Asubuhi niko manispaa.

#48 MhandisiMtulivu
Vizuri umetoka. Nenda na picha zenye tarehe. Nitumie na mimi ujumbe wa siri, nitakupitia kabla ya saa 4.

#49 FundiTemeke
SaitiUpanga, ukipata nafasi kesho shuka ghorofa ya 6 uangalie miguu ya mirunda inayoshika sakafu ya juu. Sakafu ya sentimita 15 ni kama kilo 360 kwa kila mita ya mraba zege likiwa bichi, bila watu. Na ile ya chini kabisa, iliyosimama kwenye udongo upande wa uani, iwekewe mbao pana chini yake. Jana usiku imenyesha.